Vichwa vya Shaba Kwenye Bakuli la Wageni

Sisi tuliokuwa watoto kabla simu hazijajua kupiga picha tulichezea vitu ambavyo mzazi wa leo akivisikia ataitisha mkutano wa ukoo. Wengi wenu mlikuwa na mipira ya karatasi za nailoni na magari ya waya. Mimi na kaka yangu Maina tulikuwa na maganda ya risasi. Msishtuke. Ni maganda matupu ya bastola, yaliyokwisha kazi, rangi ya dhahabu chafu, na tulikuwa nayo mengi kuliko wenzetu walivyokuwa na visoda.

Nawaandikia nyinyi wenzangu mlio Riyadh na sisi tulio Jeddah, tuliopanda ndege miaka ileile na kupokewa na maajenti wa sampuli ileile, kwa sababu nimekasirika, na mimi nikikasirika hukumbuka nyumbani. Hasira nitaifikia. Kwanza nyumbani.

Baba yangu alikuwa fundi wa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na shamba kule Laikipia, upande wenye vumbi. Mzee huyo alikuwa mlenga shabaha wa klabu, leseni zake amezitundika ukutani kwenye fremu kama picha za harusi, na sisi watoto tulimwita Mzee Kofia kwa kuwa hatukuwahi kuona nywele zake. Risasi za dukani zilikuwa mbali na ghali, kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe palepale nyumbani. Maganda yaliyokwisha kupigwa yanaokotwa, yanasafishwa, yanajazwa upya, yanavalishwa vichwa vipya. Macho yake yalipopungua nguvu, kazi hiyo akamwachia baba. Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo meza nzito iliyofungwa mashine ya mkono, ukubwa wa ile ya kusagia nyama, ila hii yenyewe hubana.

Jumamosi ilikuwa siku yetu. Tuliyaosha maganda kwenye beseni kwa sabuni na ndimu, tukayaanika juu ya gunia, kisha mimi na Maina tukakaa chini kuyakagua moja moja tukiyaelekeza juani. Lenye ufa linatupwa kwenye mkebe wa majani ya chai. Mkebe ukijaa, maganda mabovu ni yetu. Hapo ndipo utajiri ulipoanzia. Ukiweka mdomo ukingoni na kupuliza, lilitoa sauti kali iliyomfanya mbwa wa Mzee Kofia alie. Penseli ikifupika hadi haishikiki, uliizungushia karatasi ukaichomeka kwenye ganda, ikawa ndefu tena ukaandikia mpaka mwisho wa muhula. Darasa la kwanza wenzangu walihesabu kwa vijiti. Mimi nilimwaga maganda ishirini juu ya dawati. Mwalimu aliyatazama, akanitazama, akasema, "Jerusha, toa saba." Nikatoa saba. Hesabu ikaendelea. Leo mtoto akifanya hivyo shule itafungwa wiki nzima na wazazi watajaa kwenye kundi la WhatsApp wakiandika kwa herufi kubwa.

Lakini msidhani baba alikuwa mtu wa ovyo. Kazi yetu iliishia mlangoni. Ndani ya stoo, hatua mbili kutoka kizingitini, alikuwa amechora mstari wa chaki, na kila Jumatatu aliuchora upya. Mtoto havuki. Mama havuki. Mzee Kofia mwenyewe, mwenye nyumba, mwenye bunduki, mwenye kila kitu, alisimama nyuma ya mstari akauliza, "Naweza?" Na baba akiwa katikati ya kazi hakumjibu. Redio haikuingia mle. Chai haikuingia. Kulikuwa na siku mjomba alikuja kutoka Nyeri bila taarifa, mama akamwita baba mara nne, baba akamaliza trei yake yote, akafunika, akanawa, ndipo akatoka akisema, "Nilisikia." Mjomba alirudi Nyeri akawaambia watu shemeji yake ameziba masikio kwa ajili ya baruti.

Mama naye alikuwa na sheria zake. Baba hakupewa githeri mpaka aonyeshe mikono, na mikono iwe imeoshwa kwa maji baridi na sabuni ya mche hadi kwenye kiwiko. Kucha zikiwa na weusi alirudishwa bombani mbele yetu sote. "Hicho kitu unachokishika," mama alikuwa akisema, "hakijui kama una watoto." Na baba, mtu aliyemnyamazisha Mzee Kofia, alirudi bombani.

Basi. Mwanzoni vichwa vya risasi vilikuwa vya kijivu, vibaya, hata hamu ya kuviiba huna. Halafu Mzee Kofia akaleta vya aina mpya. Ndani ni madini yaleyale ya risasi ya kijivu, ila nje vimepakwa shaba, koti jembamba kama ganda la kitunguu. Baba alitueleza kwamba hivyo havitaki nguvu, ukivibana sana koti linachanika, kwa hiyo alivishika kama mtu anayeshika mayai ya kwale. Mimi nilikuwa na miaka mitano na nilichoona ni kimoja tu: vinang'aa. Krismasi iliyopita mgeni wa Mzee Kofia alikuwa amenipa chokoleti iliyofungwa karatasi ya rangi hiyohiyo. Chokoleti moja, maishani mwangu mwote. Nilikuwa nimeisubiri ya pili kwa miezi.

Baba alitoka kwenda bombani. Nikavuka mstari. Nikachukua kimoja nikakitia mdomoni.

Kilikuwa na ladha ya msumari. Nilikuwa bado nakinyonya, nasubiri kilainike, mama alipotokea mlangoni na kuona shavu langu. Nilimwona akivuta pumzi ya kupiga kelele, na mama yangu akipiga kelele ng'ombe wa jirani husimama. Lakini baba alikuwa ameshafika nyuma yake. Akanyanyua kiganja. Tu. Mama akaifunga ile kelele mdomoni. Baba akapita, akapiga magoti mbele yangu, karibu kabisa hata nikasikia harufu ya tumbaku yake, akanitolea ulimi.

Lazima mwelewe: huyu alikuwa mtu ambaye ndani ya stoo ile hakuwahi hata kutabasamu. Sasa amepiga magoti, macho yamekutana puani, ulimi uko nje mpaka kidevuni. Nilicheka, nikamtolea wangu, na kichwa cha shaba kikadondoka kwenye kiganja chake.

"Kumbe kiko hapa," akasema, kama mtu aliyekuwa akikitafuta tangu asubuhi.

Alinisukutua mdomo mara tatu. Hakunichapa. Mama ndiye aliyetaka kunichapa, naye akaambiwa, "Kesho." Jioni nilimwona baba amekaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, kikombe cha chai mkononi, na chai ilikuwa ikimwagika kwa sababu mkono haukutulia. Akamweleza mama polepole: mtoto mwenye kitu mdomoni ukimpigia kelele anashtuka, akishtuka anavuta pumzi, na kile kitu kinaenda nayo. Ukikimbilia kumshika anafumba mdomo anameza. "Sasa unamfanya atake kukutolea mwenyewe," akasema.

Tangu siku hiyo tuliteseka. Kila jioni kabla ya chakula: "Nionyesheni ulimi." Mimi, Maina, watoto wa mchungaji ng'ombe, hata binti mkubwa wa jirani aliyeshaanza kupaka mafuta ya midomo. Tulipanga mstari kama kuku wanaochanjwa. Nikiwa darasa la nne alikuja kunichukua shuleni siku ya mvua, akanitolea ulimi langoni mbele ya darasa zima, na mimi kwa mazoea nikamtolea wangu. Nilitaniwa mpaka nikamaliza la nane. Nilimchukia wiki nzima, na wiki ni ndefu ukiwa na miaka kumi.

Sasa hasira.

Hapa Al-Safa, mtaa wa Jeddah ninapofanya kazi za ndani, bosi wangu naye ni mlenga shabaha. Nyumba nzima humwita baba, nami mbele yake humwita hivyo, lakini baba ninaye mmoja, kwa hiyo humu ninamoandika ni bosi. Alinihamishia Jeddah kutoka Riyadh, nilikokuwa kwa mama yake, na siku ya kwanza madam aliponitembeza alifungua chumba kidogo cha juu, kando ya ngazi ya kwenda darini, akasema, "Hapa safisha, usiguse." Nikatazama ndani. Mashine ya mkono, ileile. Trei za maganda. Makasha ya vichwa vya shaba. Leseni zake ni mambo yake na serikali yake. Mimi niliyeacha Laikipia nyuma, nikavuka bahari na jangwa, nimekuja kupangusa vumbi kwenye stoo ya baba yangu.

Bosi si mtu mbaya. Ni mtu wa siku hizi. Anafanya kazi ile simu ikiwa sikioni, mpira unachezwa kwenye tableti, glasi ya chai kushoto, sandwichi ya falafeli kulia, na mkono uliotoka kwenye risasi unaenda moja kwa moja kwenye sandwichi. Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nikasimama mlangoni.

"Baba, hapa mafi chai," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni: humu hakuna chai.

Akacheka mpaka akaikata simu. "Jusha," akasema, maana Jerusha humshinda, "wewe unajua nini?"

"Najua ukinawa ndio unakula. Na mpira utaangalia chini."

Alinisimulia kwa marafiki zake kama kichekesho. Wageni wakija ananiita, "Yalla, Jusha, waambie sheria zako," wanaume wazima wanacheka, nami nawaambia na sicheki. Madam alisema nina mdomo mrefu. Ni kweli.

Halafu kasha moja la vichwa likavunjika kifuniko. Mtu mwenye akili angetafuta mkebe. Bosi alishuka jikoni, akachukua kibakuli cha kioo kizito chenye ukingo wa dhahabu, mmoja wa ndugu sita wanaotoka kabatini kwa ajili ya kahawa ya wageni peke yake, akapanda nacho, akavimwaga humo vichwa vyake vilivyobaki, kama ishirini hivi.

"Baba, hicho ni cha wageni."

"Halas, halas, basi, kesho nitakirudisha."

Kesho ya bosi mnaijua. Wote tunao mabosi.

Alhamisi akaja dada yake madam kutoka Riyadh, pamoja na binti yake Joori wa miaka miwili na nusu, mashavu kama mandazi. Madam akafungua kabati akakuta vibakuli vitano. Kwa dada yake, aliyempa vile vibakuli siku ya arusi, vitano ni aibu. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha kahawa, hakuniuliza. Cha sita alikitafuta mwenyewe nyumba nzima mpaka juu, akakikuta mezani kwa bosi, kina vitu vya rangi ya shaba, laini, vya mviringo. Mnazijua zile lozi za sukari za arusi, zilizopakwa rangi ya dhahabu na ya shaba. Makasha ya bosi hakuwahi kuyafungua, akadhani mumewe mara hii moja amekumbuka wageni. Uzito haukumwambia kitu, kioo chenyewe ni jiwe. Akakishusha kwa furaha, akakiweka katikati, baina ya tende na maua.

Naingia na birika la kahawa. Nikaona kibakuli. Kabla sijamaliza kukiona nikaona shavu la Joori, upande mmoja umevimba.

Mama yake aliona uso wangu, akageuka, akaona na yeye. "Joori!" Madam naye juu: "Joori, toa!" Mtoto akarudi nyuma, midomo imefumbwa kabisa, macho yamejaa machozi, na pumzi ya kilio ninaiona inapanda kifuani. Mama yake ananyanyuka kumkimbilia.

Nikaweka birika kwenye zulia. Nikanyanyua kiganja.

Msichana wa kazi, mbele ya madam wawili, kiganja juu kama trafiki. Nadhani walinyamaza kwa kutoamini tu. Nikapiga magoti, nikasogea karibu, nikamtolea Joori ulimi. Akanitazama. Hakucheka. Kifua bado kinapanda. Nikakutanisha macho puani, nikaushusha ulimi mpaka nikahisi kidevu, na moyoni nasema, baba, kama ulisahau kunifundisha kitu kingine, nikumbushe sasa.

Joori akakohoa kicheko kidogo. Akatoa ulimi. Na juu ya ulimi, kikiwa kimelowa na kinang'aa, kikaja kichwa cha shaba, kikadondoka kiganjani mwangu.

"Kumbe kiko hapa," nikasema, kwa Kiswahili, na sauti haikuwa yangu.

Nilimsukutua mara tatu bafuni. Daktari waliyempigia simu aliuliza kama amemeza kitu, tukasema hapana, akasema aletwe akaangaliwe, wakampeleka, akarudi mzima anaomba tende. Haya. Mnafikiri nilipewa pole? Madam alisimama jikoni, vile vibakuli sita mbele yake.

"Jusha, nani aliweka risasi kwa wageni?"

"Wewe, madam."

Ni jibu la kweli, lakini wenzangu, msilijaribu. Aliniambia kwamba kiganja kile hakinyanyuliwi mbele ya wageni. Akaniambia pia kwamba nimemfundisha mtoto tabia mbaya, kwa sababu Joori, tangu saa ile, alikuwa akimtolea ulimi kila anayepita, pamoja na daktari. Asante haikuja. Mpaka ninapoandika haijaja. Ndiyo sehemu ya kwanza ya hasira yangu, na kwa kweli ni ndogo, imeshaanza kunichekesha.

Bosi aliporudi, aliambiwa yote. Akakaa kwenye ngazi. Nikampelekea chai, na glasi ikawa inagongagonga kisahani chake, kriki kriki kriki, hadi akaiweka chini. Nikaujua mkono ule. Nilikuwa nimemwandalia maneno, nikayaacha.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Baba yangu."

"Askari?"

"Fundi."

Asubuhi yake fundi wa milango alikuja, chumba kikawekwa kufuli. Mimi nikachukua chaki ya cherehani ya madam, nikachora mstari, hatua mbili kutoka kizingitini. Hakuna aliyeniambia niufute. Kila Jumatatu nauchora upya, na nikipita na ufagio naona glasi ya chai ya bosi imesimama upande wa nje wa mstari, inapoa, na ndani kuko kimya.

Hasira kubwa ni nyingine. Mimi nina mtoto. Baraka wangu ana miaka minne, anakaa Laikipia na baba na mama yangu, na tangu awe na miaka miwili sijawahi kupiga magoti mbele yake. Nimepiga mbele ya Joori. Nilimpa mtoto wa watu kitu ambacho wangu hakijui, kwa sababu kitu chenyewe hakitumwi. Nguo zinatumwa, viatu nilivipeleka kwa wasafirisha mizigo wa Sharafiya vikasafirishwa kwenye boksi. Ulimi unautumaje?

Ijumaa madam hunipa simu yangu. Nikawapigia nyumbani kwa video. Baraka akaja akitafuna kitu, sijui nini, shavu limejaa. Nikakumbuka kiganja, nikakumbuka kutopiga kelele. Nikaileta simu karibu na uso wangu, nikakutanisha macho, nikatoa ulimi mpaka kidevuni, nikangoja.

Baraka alinitazama kwa makini. Akaigonga simu kwa kidole.

"Shosho," akamwita nyanya yake, "simu ya mama imekwama."

Mama akaichukua akaitikisa. Mimi bado niko vilevile, ulimi nje, natumaini. Ndipo nikasikia sauti ya baba kutoka nyuma, kwenye kiti chake cha miguu mitatu, macho hayaoni vizuri sasa lakini masikio hayajazibwa na baruti yoyote.

"Ameganda vipi?"

"Ametoa ulimi tu, Guka," Baraka akamjibu babu yake.

Kisha kile kiti kikaburuzwa, na nikasikia magoti ya mzee yakilia, moja, halafu la pili. Kwenye kioo cha simu sikuona kitu ila dari ya mabati. "Baraka," baba akasema, "nitazame mimi." Mtoto akacheka, na nikajua ndimi zote mbili ziko nje.

"Ni kiazi, Jerusha," baba akasema. "Kiazi tu. Rudisha ulimi."

Enzi zetu mtu alikuwa na baba mbele yake, karibu kiasi cha kunusa tumbaku yake, na sisi tukaona aibu langoni mwa shule. Watoto wetu wana kioo, na sisi tumo ndani yake, tumekwama.